Nimeuziwa sera ya faragha ya duka la mbwa la California, na mimi nauza mabuibui Mombasa

Jamani, leo nimechemka, mnivumilie.

Nauza madera, mabuibui na udi mtandaoni. Mzigo naupeleka Nyali, Likoni, Malindi, Lamu, na mara nyingine Ulaya kwa dada zetu walioolewa huko. Kampuni ya kupokea malipo ya kadi ikaniambia haifungui akaunti mpaka tovuti iwe na sera ya faragha, yaani maelezo ya jinsi ninavyochukua na kutumia taarifa za wateja. Haya. Nikamtafuta mshauri hapa hapa mjini, mtu wa ofisi na suti, nikamlipa shilingi 30,000 taslimu. Kesho yake asubuhi kazi ikaja: furushi la kurasa za Kiingereza cha mahakamani.

Nikaisoma yote, nadhani ndilo jambo ambalo hakulitarajia. Mara "wakaazi wa California wana haki". Mara tuna mwakilishi wetu rasmi barani Ulaya. Yupi huyo? Mimi nina wasichana wawili na kijana wa kufunga mizigo. Mara ombi la kufutiwa taarifa litajibiwa ndani ya siku 45. Hizo siku 45 ni za sheria ya California! Kanuni zetu za Kenya za ulinzi wa data za 2021 zinasema mteja akitaka kuziona data zake apewe ndani ya siku 7, na akitaka zifutwe, siku 14. Kule chini kwenye mawasiliano nikakuta barua pepe ya duka la chakula na minyororo ya mbwa. Wallahi.

Nikampigia. Jibu lake: "Dada yangu, hizi sera zote ni moja, wewe badilisha jina tu." Sasa kaka, kama kazi ni kubadilisha jina, 30,000 ulikula za nini?

Mbwa ningecheka nikasahau. Lakini mtu huyu hakuniuliza swali hata moja kuhusu biashara yangu. Fundi wangu wa Biashara Street hagusi mkasi kabla hajashika futi, na yeye huchukua mia chache tu. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinanitaka nimwambie mteja, kabla sijachukua data zake, kwamba nazichukua, ni za kazi gani, nani mwingine atazipata, nimezilinda vipi, haki zake ni zipi, na asiponipa itakuwaje. Utayaandikaje hayo bila kuniuliza?

Angeuliza angeambiwa. Angeambiwa kwamba nachukua vipimo vya miili ya wateja, kifua, kiuno, nyonga, na vimekaa kwenye simu ya duka ambayo inashikwa na kila mtu. Kwamba kijana wa boda anapewa jina, nambari ya simu na maelezo ya mlango, "nyumba ya geti la kijani nyuma ya msikiti", na mzigo ukishafika bado anayo nambari ya mke wa mtu. Kwamba tovuti yangu iko kwenye seva za ng'ambo, na sheria ina masharti yake kuhusu kupeleka data nje ya nchi. Kwamba kila Idd naweka picha za watoto wa wateja wamevaa nguo zangu. Hapo ndipo angenistua, kama angekuwa anaijua kazi yake: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuanika picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hakuna neno hata moja la mtoto kwenye furushi lake. Lakini limeandikwa kwa herufi nzito kwamba hatumfuatilii mgeni wa tovuti kwa ajili ya matangazo, na mimi nimeweka kifuatiliaji cha Facebook kwenye tovuti tangu siku ya kwanza. Yaani nimenunua uongo wa kujitundikia mwenyewe dukani.

Alivyoona nimekasirika akageuka kunitisha. Eti nisajiliwe haraka kwa Kamishna, ada shilingi 40,000, yeye atanishughulikia. Uongo mtupu. 40,000 ni ada ya makampuni makubwa. Mdogo ni 4,000, cheti cha miaka miwili. Na mwenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 halazimiki kusajiliwa, isipokuwa yuko kwenye zile biashara zilizotajwa, kama shule, afya, hoteli, mikopo. Mimi simo. Kusamehewa usajili hakunitoi kwenye sheria yenyewe, hilo nalijua, na faini inaweza kufika milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Lakini naona hawa watu wanakula kwenye hofu yetu. Hesabu hizi nimezitoa kwenye kanuni zenyewe, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure.

Nikajaribu mawakili. Mmoja bei yake ingeninunulia shehena ya madera kutoka Dubai. Mwingine alikuwa mstaarabu, akaniambia wazi kwamba vitu vya mtandaoni si fani yake. Huyo namheshimu.

Mambo ya Ulaya najua yana sheria yake, maana bei nimeweka mpaka kwa yuro na matangazo nawalenga watu wa huko, kwa hiyo mtu asije kuniambia GDPR, hiyo sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, hainihusu. Ndiyo maana nataka mtu anayeelewa pande zote mbili.

Kwa hiyo wenye biashara Mombasa, Kilifi, Diani: nani kawaandikia zenu, na alianza kwa kuuliza nini? Kama kuna wakili anayesoma hapa na yuko tayari kukaa dukani kwangu nusu siku aone mzigo unavyoingia na kutoka, kisha aniandikie kurasa tatu kwa Kiswahili ambacho mteja wangu wa Kongowea atakielewa, aweke bei hadharani. Jina la yule wa suti sitalitaja hapa, msiniombe. Nimemtumia barua ya kudai pesa yangu. Akinyamaza mpaka mwisho wa mwezi naenda mahakama ya madai madogo.