Tupeane uzoefu: Kushuka bonde la Ebro kwa baiskeli mpaka delta, Katalunya

Spoku36

Habari zenu wadau. Wenzetu walioko Ulaya huuliza sana njia ya baiskeli ya siku tatu au nne isiyo na malori wala milima ya kukata pumzi. Uzi huu ni wa njia moja tu: kutoka vilima vya Terra Alta, kushuka na reli ya zamani ya Val de Zafán hadi Tortosa, kisha kufuata mto Ebro mpaka kwenye delta yake, kusini mwa Katalunya, Hispania. Tuweke mambo ya kazi: njia, vifaa, upepo, maji, kinachoharibika na sababu yake.

Naanza na njia. Reli hii ilifika Tortosa mwaka 1942, na treni zikasimama 1973 baada ya handaki moja kuporomoka. Baadaye vyuma vikang'olewa na tuta likageuzwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Kipande kinachopendwa ni stesheni ya Arnes-Lledó hadi Tortosa, karibu kilomita 50. Unaanza kwenye mwinuko wa mita 400 hivi na unamalizia karibu na usawa wa bahari. Treni haipendi mlima mkali, kwa hiyo mteremko ni mpole mwanzo hadi mwisho. Hata mtoto anayeijua baiskeli yake anaimudu. Stesheni zinafuatana hivi: Arnes-Lledó, Horta de Sant Joan, Bot, Prat de Comte, El Pinell de Brai, Benifallet, Xerta, Aldover, Roquetes, Tortosa.

Ugumu uko kwenye kufika juu. Treni inakuleta Tortosa, haikupeleki Arnes. Ama uagize mapema gari la kubeba baiskeli kutoka Tortosa, ama upande mwenyewe. Kupanda kwa mteremko huo kunawezekana, ila ukiwa na mizigo itakula siku nzima. Kwa mwenye watoto nashauri gari bila kusita.

MamaKeria

Asante kwa kufungua uzi, mkuu. Niongeze la mahandaki, maana ndiko watu wanakoumia.

Kati ya Horta na Benifallet mahandaki ni mengi, na mengine yana kona katikati, hivyo ukiingia huoni mwanga wa upande wa pili. Baadhi yana taa zinazojiwasha mtu anapopita, lakini usizitegemee. Tochi ya simu haitoshi na inakushikisha mkono mmoja. Funga taa ya lumeni 300 au zaidi kwenye usukani, na taa nyekundu nyuma. Kabla ya kuingia: vua miwani ya jua, punguza mwendo, washa taa mita 20 nje. Macho yaliyotoka kwenye jua kali huchukua sekunde kadhaa kuzoea giza, na sekunde hizo ndizo unazomkuta babu anatembea na mbwa wake. Piga kengele. Ndani sakafu huwa na unyevu, na mawe madogo hudondoka, hasa baada ya mvua. Usifunge breki ya mbele ghafla.

La pili ni maji. Jazeni vyombo Bot. Kutoka hapo mpaka stesheni ya Benifallet njia inafuata korongo la mto Canaletes, hakuna duka. Julai na Agosti, wakati joto linapita nyuzi 30, beba lita 2 kwa kila mtu. Njiani kuna mchepuko wa kushuka Fontcalda, chemchemi ya maji ya uvuguvugu penye kanisa la zamani. Pazuri mno, ila kumbukeni mtapandisha tena mlima kurudi njiani, na wikiendi za kiangazi watu hujaa.

Kijana wa Malindi

Dada, kofia ngumu ni lazima? Na maduka yako vipi, mtu asije akalala njaa?

MamaKeria

Kwenye barabara za nje ya mji sheria ya Hispania inamtaka mwendesha baiskeli avae kofia, na walio chini ya miaka 16 huvaa kila mahali. Vaa tu muda wote, kaka. Dereva anayekupita naye anatakiwa kukuachia mita 1.5. Maduka ya vijijini hufunga mchana, kuanzia kama saa 8 hadi saa 11 jioni, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Nunua mkate, matunda na jibini asubuhi.

Fundi wa Ringi

Wakuu, mimi nitasema ya tairi, kwa sababu delta ina adui ambaye sisi wa Afrika Mashariki tunamjua vizuri: mbigili. Mmea uleule unaotambaa pembeni mwa njia za vumbi kwetu upo pia pande zote za Mediterania. Tunda lake likikauka hupasuka vipande, na kila kipande kimeumbwa hivi kwamba kikilala chini namna yoyote, mwiba mmoja unabaki umeangalia juu. Kuanzia Julai mpaka vuli kingo za njia zinakuwa navyo. Basi kaa katikati ya njia. Usiegemeze baiskeli kwenye majani wala usipite pembeni kukwepa shimo dogo.

Tairi: milimita 38 hadi 42, yenye kitambaa cha kuzuia miiba ndani. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye mizigo ya kilo 12, anzia upepo wa psi 45 (kipimo cha presha ya tairi) nyuma na 40 mbele. Ukizidisha, changarawe za reli zitakutikisa mpaka keria zilegee. Ukipunguza mno, ringi itabana tyubu kwenye jiwe na utapata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba. Hiyo ukiiona usitafute mwiba, ongeza upepo.

Wanaotumia tairi zisizo na tyubu waweke dawa ya kuziba mililita 60 hivi kila tairi. Mwiba ukiingia, uache mpaka jioni, kwani ukiuchomoa njiani unaweza kupoteza upepo kabla dawa haijaganda. Wenye tyubu wafanye hivi: toa tyubu, tia upepo, tafuta tundu, kisha lipime tundu hilo dhidi ya tairi kwa kuanzia kwenye valvu ili ujue mwiba uko wapi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, siyo kidole kitupu. Kitambaa kikinasa, sukuma mwiba kutoka ndani kwenda nje kwa ncha ya spana ndogo. Wengi wanaotobokewa mara ya pili ndani ya dakika kumi ni kwa sababu mwiba wa kwanza ulibaki. Kiraka: kwangua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 5 ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Watu huharakisha hapo, kiraka kinateleza joto likipanda.

Beba tyubu 2, viraka 8, pampu, kiungo kimoja cha cheni, na spoku 3 za upande wa gia za gurudumu la nyuma. Spoku hukatika upande huo kwanza kwa sababu ndizo zinazokazwa zaidi, na mzigo wako umekaa juu yake.

Heroe_wa_Pwani

Fundi umemaliza kazi. Mimi nakuja na delta yenyewe, maana wengi wakisikia ni tambarare wanadhani ni rahisi. Delta haina kilima, ina upepo. Huo ndio mlima wake.

Kuna upepo wa aina mbili wa kuujua. Mestral hutoka kaskazini-magharibi, unashuka na bonde kuelekea baharini, mkavu na mkali, hasa kuanzia vuli hadi mwanzo wa majira ya kuchipua. Siku mbaya hupita kilomita 80 kwa saa, na kwenye tuta la mfereji unaweza kukuangusha majini. Kiangazi kinatawala upepo wa bahari: asubuhi shwari, unaanza kuamka karibu saa 5, mchana unavuma kutoka baharini kwenda bara. Kwa hiyo kiangazi nenda baharini alfajiri, rudi alasiri ukisukumwa mgongoni. Wakati wa mestral mambo yanageuka: kwenda baharini utaruka kama umefunga tanga, kurudi stesheni utatembea kilomita 8 kwa saa na kuikosa treni. Tazama utabiri wa upepo kabla ya kutazama ule wa mvua.

Njia: Tortosa hadi Amposta fuata kingo za mto. Kutoka Amposta chagua upande. Kusini kuna Poblenou del Delta, ziwa la Encanyissada ambalo ni kubwa kuliko yote ya delta, na la Tancada. Hapo ndipo penye heroe, makongoti, kwarara na mabata. Kaskazini kuna Deltebre na Riumar, karibu na mdomo wa mto. Zamani kuvuka kati ya Deltebre na Sant Jaume d'Enveja ilikuwa kwa pantoni. Tangu 2010 lipo daraja la Lo Passador, kwa hiyo unaweza kuzunguka pande zote mbili bila kurudi Amposta.

Kalenda ya mpunga ndiyo inayokupa sura ya nchi. Aprili maji yanafunguliwa kwenye mifereji na mashamba yanakuwa kioo kitupu. Juni hadi Agosti ni kijani tupu. Septemba wanavuna, na matrekta huacha madongo ya tope barabarani. Baada ya mavuno mashamba mengi hujazwa maji tena, na ndege wanamiminika. Kwangu mimi Oktoba ndiyo bora: joto limepungua, mbu wamepungua, ndege wamejaa. Kiangazi paka dawa ya mbu kabla ya jua kuzama, kwenye vifundo vya miguu hasa.

Mvua ikinyesha, achana na njia za udongo kati ya mashamba. Tope la delta ni laini na linanata. Linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome. Ukilazimisha unavunja madigadi au unapinda mkono wa gia. Rudi kwenye lami.

Kijana wa Malindi

Na ule ukanda wa mchanga wa Trabucador, unapitika? Halafu chakula, kwa asiyekula nguruwe?

Heroe_wa_Pwani

Trabucador ni kama kilomita 6 za mchanga kati ya bahari na ghuba. Dhoruba ya Januari 2020, Gloria, iliukata, na maji ya chumvi yakafunika maelfu ya hekta za mpunga. Kwa hiyo hali yake hubadilika; uliza Poblenou kabla ya kwenda. Upepo wa mashariki ukivuma usiingie, mawimbi yanapita juu. Siku tulivu punguza upepo wa tairi hadi psi 28, pita kwenye mchanga ulioshikana, na ukumbuke kujaza ukirudi kwenye lami. Mwishoni, Punta de la Banya ni hifadhi, usivuke vizuizi: shakwe wa Audouin huzaliana huko.

Chakula: sema "sense porc". Hata sahani za maharage huwekwa vipande vya nyama ya nguruwe, kwa hiyo uliza kila mara. Wali wa samaki au wa ngisi ndio salama zaidi. Wali wa sufuria pana kwa kawaida hupikwa kwa watu wawili kwenda juu. Uliye peke yako uliza kwanza kabla hujakaa.

Fundi wa Ringi

Mkigusa mchanga wa Trabucador, osheni baiskeli jioni ileile kwa maji baridi ya kumwagilia, bila presha. Presha inasukuma chumvi ndani ya beringi. Kausha, futa cheni, tia oili tone moja kila kiungo, futa ya ziada. Legeza bolti za keria, paka grisi kidogo, kaza tena. Chumvi huvuta unyevu wa hewa usiku kucha. Cheni ya chuma iliyoachwa hivyo asubuhi ina kutu ya rangi ya chungwa na gia zinaruka. Msiisahau ile nguzo ya kiti, nayo huganda.

Spoku36

Kurudi: stesheni ya L'Aldea iko karibu na Amposta, na treni za mkoa za kwenda Barcelona hupokea baiskeli bure kadiri ya nafasi. Kiangazi Jumapili jioni nafasi hujaa kwa watu wa ufukweni. Panda treni ya mchana, au anzia Tortosa ambako mabehewa bado matupu. Shusha mizigo yote kwenye keria kabla treni haijafika, na mmoja wenu apande kwanza apokee baiskeli kutoka ndani.