Mzee wangu kusimama kwa ajili ya Wanyonyi, kosa liko wapi?

DadaWaKibanda, Mbagala (Agosti 11, 2024)

Wakuu, habari za Jumapili. Nina jambo limenikaa kooni tangu jana usiku, naombeni mnisaidie.

Nina kibanda umiza huku Mbagala. Viti vya plastiki hamsini, televisheni mbili, kiingilio 500. Wateja wangu ni watu wa mpira, na Alhamisi Yanga alipomfunga Simba goli moja la Maxi, wengine walitazama wamesimama nje dirishani. Jana jioni pia palijaa, City na United, Ngao ya Jamii ya Waingereza. Penalti zilipoisha wengi wakaondoka, wakabaki kama kumi na tano wakisubiri uchambuzi. Ilipofika saa mbili na dakika ishirini nikahamisha televisheni kubwa kwenda Paris. Fainali ya mita 800 wanaume.

Baba yangu ana miaka 71. Kiti chake ni cha kwanza kushoto, chini ya feni, na mashindano haya ya Olimpiki ameyafuata tangu siku ya kwanza kama mtu anayefuata tiba. Wanyonyi wa Kenya alichukua uongozi mapema akashika njia ya ndani. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, bado yuko mbele. Mita hamsini za mwisho yule Mkanada, Arop, akaanza kuja na zile hatua zake ndefu. Hata waliokuwa wananuna kwa sababu ya uchambuzi wakanyamaza, ikawa inasikika feni tu. Wakavuka pamoja. Majibu yakatoka: Wanyonyi dakika 1 na sekunde 41.19, Arop 41.20. Sehemu moja ya mia ya sekunde, wakuu! Kijana wa miaka 20.

Wanyonyi akajifunga bendera ya Kenya. Baba akasimama, akavua kofia, akaiweka kifuani. Hakupiga kelele, alisimama tu.

Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti: "Mzee, hiyo bendera siyo yako. Ungesimama asubuhi kwa Simbu." Halafu akadai 500 yake kwa kuwa nimemkatia uchambuzi. Nikampa. Akaondoka, na wenzake wawili wakamfuata.

Kilichoniuma ni hiyo "asubuhi". Asubuhi saa tatu marathoni ya Simbu na Geay, Watanzania wetu, ilipoanza, kibandani tulikuwa watatu: mimi, baba, na mama muuza maandazi aliyeingia kupumzika. Geay akajitoa njiani. Simbu akapambana na ile milima ya Versailles, na kamera haikumwonyesha. Tamirat Tola wa Ethiopia akamaliza, Kipruto wa Kenya akachukua shaba, baba hakuinuka. Alisema hatoki mpaka Simbu afike. Simbu alikuwa wa 17. Baba alipoliona jina lake kwenye orodha ndipo akaomba chai. Huyo kijana saa hiyo alikuwa amelala.

Mnijibu kwa dhati. Mtanzania akisimama kwa ajili ya Mkenya ni kosa? Na mimi kosa langu ni lipi, kuhamisha chaneli au kumrudishia yule hela?

Mnyaturu_Ikungi

Dada, pole. Mimi natokea wilaya anayotoka Simbu, kwa hiyo nitasema upande wa yule kijana kidogo, usinichukie.

Hasira yake naijua. Ni hasira ya mikono mitupu. Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, zote za fedha, zote Moscow 1980. Miaka 44! Kila baada ya miaka minne tunapeleka watu, mara hii saba, wanarudi na begi na tisheti, na sisi tunaazima furaha kwa jirani. Kuna siku mtu anachoka kuazima.

Lakini kumsemea hivyo mzee aliyekaa kumsubiri wa 17, hapana. Aje aombe radhi. Na wewe 500 hukupaswa kurudisha, penalti si alizitazama zote?

KapsabetMjini

Dada yangu wa Mbagala, nimesoma haya maneno nikiwa Kapsabet, nikaita mke wangu aje asome pia. Mwambie mzee asante sana kutoka Nandi.

Sasa nikupe kisa ambacho huyo kijana hakijui. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow, tulisusia. Mwaka 1976 pia hatukwenda Montreal, na nyinyi hamkwenda. Huku kwetu kulikuwa na Henry Rono. Mwaka 1978 huyo mtu alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na moja ilikuwa ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Amefariki Februari mwaka huu, hata hivi nikiandika nasikia uchungu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kiangazi hicho cha Moscow alikaa na redio yake kama kawaida, ingawa hatukuwa na mtu huko. Alikuwa anasikilizia nani? Filbert Bayi. Mbio ni zile zile za Rono, za viunzi na maji. Alikuwa akituambia Bayi aliondoka kama mwizi, akawaacha wote mbali, na mzee akawa anapiga meza: "Kijana wa Karatu, shikilia, shikilia!" Mpaka yule Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Mzee alizima redio akatoka nje. Kesho yake akaiwasha tena kwa ajili ya Nyambui katika mita 5,000, na Yifter wa Ethiopia akamshinda kwa chini ya sekunde moja. Hadithi hiyo tumelelewa nayo. Alikuwa Mkenya anayelilia bendera ya kijani, nyeusi na bluu, na hakuna mtu Nandi aliyemuuliza kama ni yake.

Tena huko Hanang mna Wadatoga. Lugha yao na Kikalenjin ni ndugu. Gidamis Shahanga aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton 1978 ni wa huko. Mpaka uliwekwa juu yetu tukiwa tayari tunakimbia.

Nikwambie pia kuhusu Jumatatu ile, tarehe 5. Unajua kilichotupata. Mita 5,000 wanawake, Beatrice Chebet dhahabu, Faith Kipyegon fedha. Tumeshangilia, jirani amepiga vuvuzela, watoto wamekataa kulala. Halafu inatangazwa Faith ameondolewa kwa kusukumana na Gudaf Tsegay. Mji mzima ukawa kama umemwagiwa maji. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nyumba na simu, chaji asilimia nane, nikisubiri rufaa. Iliporudishwa ile fedha niliamsha watoto. Ndiyo, niliwaamsha! Jana Faith akachukua 1,500 mara ya tatu mfululizo kwa rekodi ya Olimpiki, dakika 3 na sekunde 51.29, nami nilikuwa bado nawaza ile Jumatatu.

Kwa hiyo mzee akisimama, asimame. Deni la redio tunalo sisi.

MwalimuMbulu

Nimefundisha michezo shule za msingi huku Mbulu miaka 19. Naomba nitoke kidogo kwenye swali la dada, kwa sababu Mnyaturu amegusa kidonda.

Huku ni kwa John Stephen Akhwari. Mexico 1968, marathoni, alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja nyuma. Giza limeingia, uwanja karibu mtupu, na huyu mtu wa Mbulu anaingia anachechemea mpaka mstari wa mwisho. Walianza 75, wakamaliza 57, yeye wa 57. Watoto wangu wote wanamjua. Sasa ukitaka kujua kama mzee wa Mbagala alikuwa sahihi kumsubiri Simbu, jibu liko hapo.

Ila nataka kusema medali zinapopotelea. Mwaka jana kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya nilikuwa na binti wa darasa la sita. Uwanja ni wa nyasi, mistari tumechora kwa majivu kwa sababu chokaa iliisha. Alikimbia 1,500 peku, mguu wa kulia una kovu la jembe. Nilimpima kwa simu. Namba niliyoiona nilidhani nimebonyeza vibaya, nikamwomba mwalimu mwenzangu ampime tena kesho yake, ikawa ile ile. Mwaka huu anamaliza la saba. Nyumbani kwao ni kilomita 11 kutoka shule ya sekondari. Sijui kama nitamwona tena uwanjani.

Ndugu wa Kapsabet atanisahihisha, lakini kwao mtoto kama huyo ana pa kwenda. Kuna kambi Iten na Kaptagat, kuna makocha wanaokaa njiani na saa zao, na baadaye polisi, jeshi na magereza wanaajiri wakimbiaji. Wanyonyi mwenyewe aliacha shule akachunga ng'ombe za watu, na bado mbio zikamrudisha. Kwetu Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ, na sishangai kuwa ndiye amedumu: wa 5 Rio, wa 7 Tokyo, sasa wa 17, na shaba ya dunia London 2017. Mshahara unaingia, anafanya mazoezi. Tunahitaji akina Simbu thelathini wenye mshahara. Hatuna upungufu wa miguu.

Bukavu_Ibanda

Ndugu zangu, mie ni wa Kongo. Sisi tangu tuanze Olimpiki hatuna hata medali moja, ya rangi yoyote. Ijumaa ile ya tarehe 2, Cheptegei wa Uganda alichukua mita 10,000, Alhamisi Tebogo wa Botswana mita 200, huku watu walitoka barabarani. Tungengoja bendera yetu, tungekuwa tumekaa kimya maisha yote. Mzee asimame.

DadaWaKibanda, Mbagala

Asanteni wote. Nimemsomea baba kila kitu, na ya Kapsabet alinirudisha mara mbili. Aliposikia "kijana wa Karatu" aliweka kikombe chini.

Anasema hivi. Mwaka 1980 alikuwa fundi gereji Kariakoo, televisheni bara hakuna, watu wanakusanyika kwenye redio ya tajiri wake. Februari ya mwaka huo Muhammad Ali alikuja Dar, katumwa na Rais Carter kutushawishi tusiende Moscow. Baba alikuwa anampenda Ali kuliko bondia yeyote, ila Mwalimu Nyerere alipokataa hata kuonana naye, gereji nzima iliona sawa. Kwa hiyo Bayi alipokuwa anakimbia, baba anasema hawakuwa wanasikiliza mbio tu. Na walijua Kenya haipo. Anakumbuka mzee mmoja Mkikuyu, mpaka rangi wa magari, akiwa amekaa nao kwenye tairi, akiomba kwa sauti Bayi ashinde. Jana alipovua kofia alikuwa anamkumbuka huyo.

Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Miaka 36 naishi naye.

Mwalimu, huyo binti wa kovu la jembe, tuandikiane faragha. Sina kikubwa, ila nauli ya kilomita 11 nadhani kibanda kinaweza kuitafuta.

DadaWaKibanda, Mbagala (Septemba 15, 2025)

Nimefufua uzi huu kwa makusudi, na naandika mikono inatetemeka.

Mashindano ya dunia, Tokyo. Marathoni ilianza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu. Kibanda kilifungwa, lakini baba alinigongea mlango saa saba kamili ameshavaa koti. Tukafungua geti, tukawasha televisheni moja tu kwa ajili ya umeme. Nilimtumia ujumbe yule kijana wa 500. Tulipatana zamani, siku hizi ananisaidia kufunga nyaya. Akaja na blanketi, na wenzake watatu.

Saa tisa na dakika arobaini wanaingia uwanjani. Petros wa Ujerumani mbele. Simbu nyuma yake, na Aouani wa Italia. Mita mia za mwisho nikaona hatufiki. Petros anakata pumzi, Simbu anakuja pembeni, hatua, hatua, Petros akajirusha akaanguka kifudifudi kwenye mstari. Hakuna aliyejua nani. Simbu mwenyewe hakujua, alikuwa anatazama ubao kama sisi.

2:09:48 wote wawili. Sekunde 0.03. SIMBU. Dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania.

Kijana wa blanketi alilia kwa sauti. Baba hakulia. Alisimama, akavua kofia, ikabidi nimshike kiwiko kwa sababu miguu ilikuwa inamcheza. Akasema si Olimpiki hii, ile ya Moscow bado haijapata mwenzake, Los Angeles 2028 atakuwa na miaka 75 na atakuwepo. Halafu akaniambia nimwandikie mtu wa Kapsabet kwanza kabla ya ndugu zetu.

Kapsabet, upo? Hongera na nyinyi kwa Jepchirchir jana. Baba anauliza kama mzee wako bado yupo, na kama redio ile bado mnayo.

KapsabetMjini

Nipo, dada, sijalala. Tulikuwa macho nyumba nzima. Mzee alitutoka 2011. Redio iko kwa kaka yangu Mosoriot, betri haina, ila naenda kuichukua leo. Mwambie mzee wako nitaipiga picha.