Tetekuwanga na mitihani ya muhula: nimrudishe mtoto shule lini?

Mama Swabra, Arua
Assalamu alaykum, na habari zenu wote. Naombeni ushauri kabla ya kesho asubuhi. Mwanangu wa darasa la tatu alitoka vipele Jumamosi, kwanza kifuani, halafu mgongoni, sasa vimefika mpaka ndani ya nywele. Kituo cha afya wamesema ni tetekuwanga, wakatupa dawa ya kupaka na ya homa. Leo siku ya tano. Vingi vimekauka, ila jioni nilipokuwa namwogesha nimehesabu kumi na moja bado vina maji, karibu vyote kwapani.

Mitihani inaanza kesho. Mwalimu wa darasa kanipigia simu, kasema nimlete tu, atamkalisha nyuma peke yake. Mtoto mwenyewe analia anataka kwenda.

Kuna na jambo limenikaa rohoni. Ijumaa, kabla ya vipele, aliamka na joto. Nikampa panadoli, likashuka, nikampeleka shule, maana mzigo wangu wa vitenge ulikuwa unaingia na sina wa kumwachia. Nikiwaza wale waliokaa naye dawati moja siku ile, usingizi hauji.

Mdogo wake wa nasari hana kitu. Naye abaki?

Nesi wa Mbale
Pole sana dada. Kesho asiende. Tetekuwanga inaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutokea, na haiishi mpaka kipele cha mwisho kiwe kigaga kikavu. Hivyo kumi na moja ndivyo vya kutazama, siyo hesabu ya siku. Kumkalisha nyuma hakusaidii kitu, virusi vyake husafiri hewani na chumba ni kimoja.

Mdogo akiwa mzima aende, lakini mkague kila asubuhi. Kwa kawaida vipele hujitokeza kati ya siku ya 10 na ya 21 baada ya kuambukizwa. Mkubwa mkate kucha ziwe fupi, na usimpe asprini kabisa, kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kudhuru ini na ubongo.

Kisha iambie shule waziwazi. Kama kuna mwalimu mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, aende kliniki sasa hivi, asingoje vipele.

Hajati wa Bombo
Wanangu, sisi tulilazwa mkeka mmoja na ndugu zetu ili tuugue wote tumalize. Mtoto ana nguvu, anataka mtihani, mwacheni aende.

Nesi wa Mbale
Shikamoo Hajati. Ni kweli wengi wanapona vizuri. Lakini darasani huwezi kujua nani kinga yake ni dhaifu: mwenye VVU ambaye hajatulia na dawa, anayetibiwa saratani, au aliye na mtoto mchanga nyumbani. Huyo ndiye ninayemhofia, siyo wa Mama Swabra.

Baba Pacha, Busia
Mimi wangu huwa ni malaria, na hiyo haipiti kwa mtoto mwenzie, ni mbu. Kwa hiyo nilikuwa namrudisha siku ya pili akishachangamka. Nikaja kugundua akiwa shule dozi ya asubuhi anaimeza bila kula, mara nyingine anaitapika njiani. Dawa mseto ni mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Sasa anabaki nyumbani mpaka amalize.

Mwalimu wa Jinja
Mama Swabra, usijilaumu kwa ya Ijumaa. Joto bila kipele nani angejua? Ila la panadoli asubuhi tunaliona kila wiki: mtoto anaingia mzima, saa tano dawa inaisha nguvu, amelaza kichwa kwenye dawati. Kwetu tunataka siku nzima bila homa na bila dawa ya homa. Aliyeharisha au kutapika, siku mbili tangu ilipokoma. Surua, siku nne tangu upele uanze. Matubwitubwi, siku tano tangu shavu livimbe.

Nawaelewa wazazi. Hapa Uganda shule zilifungwa kwa korona Machi 2020, tukafungua kikamilifu 10 Januari 2022, kisha mwaka huohuo Ebola ikatufungia muhula wiki mbili mapema. Tangu hapo siku moja ya kukosa inamtisha mzazi kuliko homa. Lakini huu ni mtihani wa muhula, si wa mwisho wa msingi. Mwombe mwalimu amtungie siku nyingine. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, ni karatasi tu.

Mama Swabra, Arua
Ahsanteni, Mungu awalipe. Nimempigia mwalimu saa hizi. Nilipofika kwenye maneno ya nesi kuhusu wajawazito alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe ana miezi minne, na mama yake hakumbuki kama aliwahi kuugua. Kesho asubuhi anapitia kliniki kabla ya kengele. Karatasi za mtihani tutapanga kipele cha mwisho kikishakauka. Mtoto nimemwambia, amelia kidogo, sasa amelala.