Tupeane uzoefu: ushawahi ingia ule ukumbi wa ndani pale Kasarani? Ulienda kufanya nini?

Wadau salama? Nauliza kwa sababu nikiongea na watu wa Nairobi kila mtu ana Kasarani yake. Kompleksi yenyewe ilizaliwa na Michezo ya Afrika ya 1987, Wachina wakasaidia kujenga, na watu wengi wanajua ule uwanja mkubwa wa nje tu. Mimi nataka stori za kule ndani, ule ukumbi wa watu kama 5,000. Mpira, siasa, maombi, chochote, leteni.

*Mzee wa Ribaundi:*
Mimi 1993, mashindano ya Afrika ya basketi. Enzi hizo tulikuwa tunaita jimnaziamu, hayo mambo ya arena yamekuja juzi. Angola walibeba kombe na sisi tukamaliza nambari nne. Nne Afrika nzima, leo ukimwambia kijana anadhani umekunywa. Kitu sijasahau ni kelele, maana uwanja wa nje kelele inapaa inaenda zake, lakini mle ndani inagonga paa inakurudia, kocha anapiga mayowe na mchezaji aliye mbele yake haskii kitu, wanabaki kuongea na vidole.

*Dada Libero:*
Yangu ni Septemba 2013, voliboli ya akina dada ya Afrika, Malkia Strikers, timu yetu ya taifa, wakachukua taji nyumbani, alafu 2015 mashindano yakarudi Nairobi tukachukua tena. Nilikaa chini kabisa nyuma ya laini ya kusavu na hapo ndio unaona vitu TV haionyeshi. Mchezaji anaruka kuokoa mpira, analala kifua, akiinuka ameacha jasho pale sakafuni kama ramani, mechi inasimama, kijana anakuja mbio na taulo anapiga magoti anapangusa, nahodha anajaribu pale na soli ya kiatu, kiatu kikilia kwii basi sawa, kisipolia kijana anarudishwa. Watu kwa viti wanaona ni kupoteza muda lakini kama ushacheza unajua goti huisha hivyo hivyo. Na wale wa ngoma za isukuti kwa kona, jamani, hawakunyamaza hata wakati wa taimauti.

*Namba Saba:*
Mnisaidie, mbona sakafu za kumbi hizi zina mistari mingi hivyo??

*Kipa wa Handiboli:*
@Namba Saba ni michezo tofauti inalala kitanda kimoja. Yetu handiboli ndio kubwa, mita 40 kwa 20, basketi 28 kwa 15, voliboli 18 kwa 9 inakaa katikati. Ukumbi ukitosha handiboli hao wengine wote wanatosha ndani, kwa hivyo mtuheshimu. Wenye shida ni wa badminton, wao hawataki hata mlango ufunguliwe, upepo kidogo tu kile kimpira cha manyoya kinaenda safari yake.

*Mjumbe Mstaafu:*
Nyinyi mnaongea mipira, mimi nilienda kama mjumbe. Machi 2002, vyama vya KANU na NDP vikaungana pale Kasarani, Raila wa NDP akatoka akiwa katibu mkuu wa chama na Saitoti, makamu wa rais mzima, akatoka mikono mitupu bila cheo chamani. Oktoba tukaitwa tena kumpitisha Uhuru Kenyatta agombee urais, na siku hiyo hiyo wenzetu waliohama walikuwa bustani ya Uhuru Park wanaambiwa Kibaki tosha, yaani Kibaki ndiye mgombea wao. Mwisho wake mnaujua, Kibaki akashinda. Alafu Machi 2022 naona chama cha UDA nao wamempitisha Ruto kugombea urais Kasarani hapo hapo. Kwa hivyo mkisema ukumbi ni wa michezo, ni sawa, lakini siasa pia imechezewa pale na wengine wameumia zaidi ya hao wa goti.

*Dada Libero:*
@Mjumbe Mstaafu 😂😂 sawa mzee, lakini nyinyi ndio mnatufukuza. Kuna mwaka timu yetu ilipangiwa kucheza ukumbini, sitasema ukumbi gani, asubuhi tunapigiwa simu eti kuna mkutano, tukapelekwa uwanja wa simiti jua likiwaka, na hakuna mtu anaruka kifua kwa simiti, mipira yote ya chini tuliiangalia tu ikianguka. Mkutano ungeweza kwenda hata kwa hema. Voliboli ya ndani iende wapi?

*Mama Mkanda wa Njano:*
Mimi ni mzazi tu wa taekwondo. Ushauri kwa wenye watoto wanaanza mashindano ya ndani, ukumbi wowote: msikae juu kabisa. Teke la mwili ni alama 2, la kichwa 3, na kutoka juu huoni limegusa wapi, unabaki kupigia makofi mtoto wa mwenyewe.