Yule fundi KASHIKA KIOO CHA GLOBU na mkono wa chipsi mayai!!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Jina sisemi, kona sisemi. Hapa Arusha, kuanzia Unga Limited mpaka Usa River nzima yule fundi umeme wa magari mnamjua.

Kazi yenyewe ni globu ya H4, Corolla ya mwaka 1998, taa ya kushoto. Dimu (mwanga wa chini) imekufa, fulu (mwanga wa juu) ipo. Globu mpya nimeleta mwenyewe, 12V 60/55W, ipo kwenye boksi lake kama pete ya uchumba. Bwana yule kaja anatafuna chipsi mayai, kafungua boksi, KASHIKA KIOO. Si kitako cha chuma. Kioo! Vidole vitano na mafuta yake ya alizeti!

Nikamwambia fundi, kioo hakishikwi. Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya ndege. "Mzee, taa inawaka au haiwaki?"

Mzee! Miaka 34!

Globu ya halojeni kama hii ikiwaka kioo chake kinafika mamia ya nyuzi joto. Palipo na mafuta panachemka kuliko pengine, kioo kinavimba au kinapasuka, globu inakufa kabla ya siku zake. Ukishaishika kwa bahati mbaya unafuta kwa spiriti na kitambaa safi. Yeye kafutia kwenye ovaroli. Ovaroli ile ukiikamua hukosi oili ya kujaza injini ya Fuso.

Halafu kaipachika kichwa chini. Kitako kina masikio matatu, lile pana linakaa juu, kipofu anapapasa na kujua. Dimu yangu sasa inamulika kilele cha Meru. Kaomba elfu kumi na tano. Na vile vidole vitano, wakuu. VITANO.

ChaliiWaSakina: Mzee, taa inawaka au haiwaki? 😂😂

BoksiLaFyuzi: Kosa lako mleta uzi. Mtu mzima unampelekea fundi globu? Zima taa, iache ipoe. Soketi ya pini tatu ishike yenyewe uivute nyuma, usivute nyaya. Vua ule mpira wa kuzuia vumbi nyuma ya taa, uvute kwa masikio yake. Kile kiwaya cha kubania kisukume ndani kidogo kisha pembeni, kitaachia, usikikunje kwa hasira maana kikivunjika utaishia kufunga na waya wa binding. Mkono haupiti kwa sababu ya betri? Itoe, anza na hasi. Mpira urudi ukae mzunguko wote, la sivyo vumbi na mvua za masika zinaingia, kile kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga kinakuwa kama sufuria ya makande. Dakika kumi umemaliza.

Mleta uzi: Maelezo mazuri. Na kioo je? Mbona kioo mnakiruka? KALA HUKU ANASHIKA.

ChaliiWaSakina: Angekukaribisha kipande cha yai uzi usingekuwepo.

MamaNoah: Afadhali huyo wa chipsi. Kuna yule wa "dada, weka ya wati 100 uone mchana". Nyaya za gari zilipigiwa hesabu ya wati 55 na 60, yaani kama ampea 5 kila taa. Ukiweka 100 unavuta zaidi ya 8. Soketi inaanza kuwa kahawia, halafu inanuka, halafu inayeyuka na pini zake. Fyuzi ikikata anafunga karatasi ya sigara! Fyuzi ikikata ndiyo inafanya kazi yake jamani. Anayetaka wati kubwa afunge rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na nyaya nene moja kwa moja kutoka betri.

DimuTafadhali: Mngetusaidia wa njia ya Moshi kwanza. Usiku kati ya uwanja wa ndege wa KIA na Bomang'ombe mtu kachomeka LED za bei ya maandazi kwenye taa ya halojeni, anakuja kama mwezi umeanguka. Zile taa zilichorwa kwa nyuzi mbili zinazowaka ndani ya globu, zilizokaa mahali pake. LED isipokaa palepale mwanga unatawanyika, yeye barabara haoni na mimi ndiyo kabisa. Ukimpiga fulu anakupungia mkono!

Mleta uzi: Na yangu si LED, ni kichwa chini. Ndani ya H4 kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, kinazuia mwanga usipande. Ukigeuza globu kikombe kinageuka nacho. Turudi kwa yule bwana na kioo…

Volti14: Rudini kwenye umeme. Globu ikiungua kila mwezi usilaumu chipsi, pima chaji injini ikiwa imewaka. 13.8 mpaka 14.4 sawa. Ikipita 15, regyuleta ya alteneta (inayodhibiti chaji ya betri) imekwisha. Ikiwaka hafifu kama kibatari, chukua waya, unganisha pini ya ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) na hasi ya betri. Ikichangamka, ethi ina kutu, kwangua pale inapofungwa kwenye bodi. Na taa zote mbili zikizima kwa pamoja usikimbilie dukani kununua globu, angalia fyuzi, rilei na swichi.

PasuaMoshi: Mnabadili globu wakati kioo cha nje cha taa, kile cha plastiki, kimekuwa njano kama ndizi mbivu. Dawa ya meno inatosha.

BoksiLaFyuzi: Inatosha wiki mbili. Msasa wa maji 800, kisha 1500, kisha 2000, maliza na kompaundi ya kung'arishia. Usipopuliza kliya (rangi ya kioo ya kukinga) juu, jua linairudisha njano.

PasuaMoshi: Msasa kwenye taa? Wewe ndiye yule fundi.

Mleta uzi: VIDOLE VITANO WAKUU

MamaNoah: Hivi waipa inayopiga kelele bila mvua dawa yake nini?

Pikipiki_Tengeru: Nauza bampa ya Noah, haina mchubuko, iko Moshi Majengo.

MamaNoah: Ina taa zake za ukungu?

Pikipiki_Tengeru: Ya kulia tu.