Nimewekwa orodha ya kusubiri chuo Marekani, nifanyeje wakuu?

Ngosha wa Igoma: Wakuu, heshima kwenu. Niko Mwanza, nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, PCM. Niliomba sayansi ya kompyuta chuo kimoja cha serikali kule Indiana, Marekani. Jibu limekuja: sijachukuliwa, sijakataliwa, nipo orodha ya kusubiri. Usingizi sipati. Nisubiri au niachane nao? Matusi hapana, tafadhali.

DagaaMkavu: Nimeshavuta kiti, karanga ninazo. Ngoja waje wataalamu.

Mama J Nyegezi: Mwanangu, kwani UDSM pale Kijitonyama hawafundishi kompyuta? Wangu yuko Dodoma, mkopo wa Bodi anapata, likizo anapanda basi anarudi nampikia sato. Huko Indiana ukiumwa nani atakukandia maji?

Mzee wa Viza: Dogo, nimepita huko. Vyuo vingi orodha hiyo haina namba. Waliochaguliwa wana hadi Mei 1 kuthibitisha na kulipa kianzio, ndipo chuo kinahesabu nafasi zilizobaki na kuanza kuita watu. Ingia kwenye akaunti yako, kubali kusubiri, andika barua fupi yenye jambo jipya, halafu shika chuo kingine usibaki mikono mitupu. Ila hela ni ya nani? Vyuo vya serikali kule mgeni hasaidiwi sana. Bila kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza hupati I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, na bila I-20 viza sahau.

Ngosha wa Igoma: Hela ipo ipo tu mkuu. Mimi nimeuliza kuhusu orodha.

Mzee wa Viza: "Ipo ipo" ndiyo nini? Mwaga yote.

Ngosha wa Igoma: Sawa. Baba mdogo kauza injini ya mtumbwi. Kuna jamaa hapa mjini ana mtu wake ndani ya chuo, atalipandisha jina langu. Nusu tumempa, nusu Ijumaa. Msikimbilie kusema tapeli: ofisi anayo, kiyoyozi kinafanya kazi, ukutani picha za vijana na majoho. Hata barua pepe yangu anaifungua yeye, nenosiri nilimpa ili mambo yaende haraka.

Mabondo Original: Mimi nililizwa hivyohivyo Kirumba, kibali cha kusafirisha mabondo. Jamaa ana tai, ana mihuri mitatu, wino bado mbichi. Nilimshukuru kabisa na soda nikamnunulia.

Mzee wa Viza: Orodha haina namba, yeye anapandisha nini? Badili nenosiri sasa hivi. Mpigie baba mdogo, Ijumaa isitoke hata shilingi.

Ngosha wa Igoma: Hapatikani, yuko ziwani tangu jana.

Kasia Moja: Injini kauza, ziwani kaenda na nini? Anapiga kasia? Wakuu, hii chai, tena ya rangi.

Ngosha wa Igoma: Yuko kwenye mtumbwi wa tajiri mwingine, wanatega sangara upande wa Ukerewe. Nidanganye ili nipate nini?

DagaaMkavu: Chai na karanga, mbona zinaendana.

Mama J Nyegezi: Chai au si chai, nenosiri umebadili?

Ngosha wa Igoma: Bado mama. Nitamuuliza kwanza Ijumaa, asije akakasirika.

Kasia Moja: Kama ni kweli, injini ilikuwa ya hp ngapi na kauza bei gani? Natafuta ya 15.