Tupeane uzoefu: ulihamishwaje toleo jipya la mfumo, na ulikuta kompyuta yako inatuma nini?

#1
Wakuu, heshima kwenu.

Kwa miezi kadhaa kompyuta yangu ilinitolea ujumbe uleule kila nikiiwasha: toleo jipya la mfumo liko tayari. Vitufe vilikuwa viwili, "Hamia sasa" na "Nikumbushe baadaye". Cha "Sitaki" hakikuwepo. Nikawa nabonyeza baadaye, baadaye, hadi usiku mmoja nikaiacha ikisafisha rekodi za sauti za saa nne ambazo nilitakiwa kuzikabidhi asubuhi. Nilipoamka nikakuta imejizima, imejiwasha, na inanikaribisha kwenye mfumo mpya. Kazi ilikuwa imekatikia njiani.

Kilichoniuma zaidi kilifuata. Kabla ya kunifungulia ilinipitisha kwenye kurasa za maswali: mahali nilipo, namna ninavyoandika, sauti yangu, matangazo ya kunilenga. Kila swichi ilikuwa imeshawashwa. Nami, mteja akiwa anapiga simu, nikabonyeza "Kubali" kote ili nifike kwenye mafaili yangu. Siwezi kuiita hiyo ridhaa.

Naomba tuelezane: wewe ulisukumwaje, na ulipofungua mipangilio ya faragha ulikuta nini?

#2
Kwangu ilikuwa bando. Natumia intaneti ya simu kwenye laptopu. Bando la wiki likaisha siku ya pili, nikabadilisha neno la siri nikidhani jirani ananiibia, na maneno makali nikamwambia. Kumbe kompyuta yenyewe ilikuwa inashusha toleo jipya kimyakimya, gigabaiti kadhaa, wala sijabonyeza chochote. Dawa niliyoipata: ingia mipangilio ya mtandao, uuambie mfumo kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Tangu hapo vitu vikubwa haishushi bila kuniuliza. Jirani nilimwomba radhi.

#3
Mkuu mleta mada, jambo hili lina historia. Windows 10 ilipotoka Julai 29, 2015, wenye Windows 7 na 8.1 walipewa mwaka mmoja wa kuhamia bure, na visanduku vya kuwahimiza vikazidi kadiri siku ya mwisho ilivyokaribia. Mwaka 2016 kikaja kisanduku ambacho hata ukikifunga kwa alama ya X, ratiba ya kuhamishwa inabaki palepale. Miaka yote watu wamezoea kwamba X ni kukataa! Malalamiko yakawa mengi hadi kikaongezwa kitufe cha kukataa waziwazi.

Upande wa faragha, Julai 2016 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, iliitaka Microsoft iache kukusanya data kupita kiasi, ikaipa miezi mitatu. Shauri lilifungwa mwaka 2017, baada ya data zinazokusanywa kwenye kiwango cha chini kupunguzwa karibu nusu. Hata Recall, huduma ya Windows 11 iliyotangazwa Mei 2024, ilikuwa ipige picha ya skrini kila baada ya sekunde chache ili uweze kutafuta ulichokiona zamani. Wataalamu wa usalama wakapiga kelele, ikaahirishwa, ikarudi ikiwa imezimwa mpaka mwenyewe uiwashe. Kwa hiyo msichoke kulalamika. Kunafanya kazi.

#4
Naomba niseme upande wa pili, maana mimi uamuzi wangu ulinigharimu. Nilichukia usumbufu huu nikazima masasisho yote. Yote kabisa. Mwaka wa pili nikafungua kiambatisho kwenye barua pepe, kirusi kikafunga mafaili yangu na kudai pesa. Picha za marehemu mama zilikuwa humo na sikuwa na nakala nyingine.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kuziba matundu ya usalama ni jambo moja, na kuhamia toleo jipya ni jambo jingine. WannaCry, kirusi cha aina hiyohiyo ya kufunga mafaili na kudai pesa, ilipozuka Mei 2017, kiraka cha kuziba tundu ililopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Shida ni kwamba vyote viwili vinakuja na ujumbe unaofanana, na mtu aliyechoshwa na kimoja huvikataa vyote. Tafadhali, zuieni toleo jipya mkitaka, lakini viraka acheni vipite.

#5
Laptopu yangu haina TPM 2.0, chipu ya kutunza funguo za usimbaji ambayo Windows 11 inaidai, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Mashine bado nzima. Nikaweka Linux, mfumo mwingine wa bure. Printa ilinisumbua siku tatu na programu yangu ya hesabu haikukubali, nikatafuta nyingine. Ila hakuna anayenishika bega kila asubuhi.

#6
Mimi ni mshauri nasaha. Watu hunieleza mambo ambayo hata wenzi wao hawayajui, na maelezo hayo nayaandika. Baada ya kuhamishwa toleo jipya, niliona alama ndogo ya wingu kando ya majina ya mafaili yangu. Sikuijua maana yake, nikaiacha wiki tatu. Folda nzima ya nyaraka ilikuwa imenakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nilipozifuta kule, zikafutika na huku.

#1
Dada #6, pole sana. Ulizirudishaje? Na mimi nimeiona alama hiyo leo.

#6
Usifute kwanza, kaka. Zima ulandanishi, yaani ule unakiliji wa wenyewe kati ya kompyuta na mtandaoni, nakili folda yote kwenye diski ya nje, uchomoe diski, ndipo ufute kule mtandaoni. Kisha ingia kwenye takataka za kulekule uzimalize, kwa sababu hubaki humo kwa muda. Mimi nilizikuta humo, ndivyo zilivyorudi.

Baada ya hapo niliwapigia wateja wangu mmoja mmoja nikawaeleza. Wengi walinishukuru. Wawili hawakurudi tena, na sikuwalaumu.